Kiti Kilichobaki Wazi kwenye Basi la Mahekalu

Ahmedabad, India
Jumanne, 7 Januari 2025

Mpendwa Mama Lorna,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mbali. Goti lako linaendeleaje tangu niondoke? Mimi ni mzima, isipokuwa masikio bado yana mlio wa ndege na watu wakinisemesha naona midomo tu.

Nakuandikia barua nzima kwa Wasapu kama tulivyopatana, kwa maana tukipigiana simu mimi hupaza sauti na Birongo yote inajua habari zetu. Ningekuandikia kwa Ekegusii, lakini simu hii haikitaki. Nimekuandikia salamu ya bwakire mono, ikageuka jina la duka la mikate.

Ule unga wa wimbi ulionifungia uliniletea shida uwanja wa ndege. Askari mmoja aliunusa, akamwita mwenzake akaunusa, wakaleta na mbwa. Mbwa akapiga chafya. Mzee Jayanti aliwaeleza kwa Kigujarati kwamba ni chakula cha kwetu, wakacheka, wakanirudishia. Umepungua kidogo.

Waambie watu wa kanisa wasiwe na wasiwasi. Wakumbushe tu kwamba Mzee Jayanti ana miaka themanini na moja, na kwamba watoto wake walioko Uingereza walimkatalia kuja peke yake kuangalia mahekalu na majumba ya wafalme wa kwao. Yeye akasema atakuja na Manasseh au haji kabisa. Miaka thelathini na nne nimekuwa meneja wa stoo katika duka lake pale Kisii mjini, ningemwambiaje hapana? Na nimestaafu juzi tu.

Basi letu lina watu ishirini na wawili. Mwongoza watalii anaitwa Pravin, anabeba mwavuli mwekundu ili tusimpoteze, na kila tukisimama anatuhesabu kama kuku. Leo tumeona hekalu kubwa kubwa na jumba moja kubwa sana. Kesho tunaelekea magharibi, baharini.

Wasalimie wote.

Mumeo,
Baba Lorna


Birongo
Alhamisi, 9 Januari 2025

Mpendwa Baba Lorna,

Nimepokea barua yako na kumshukuru Mungu kwamba umefika. Goti linauma asubuhi na kupoa likiona jua. Ng'ombe wako salama. Majani chai tumechuma vizuri juzi.

Ni mahekalu makubwa makubwa, si hekalu kubwa kubwa. Umelala nyumba moja na mwalimu wa Kiswahili tangu mwaka wa themanini na nne na bado unaniaibisha mbele ya simu.

Halafu, Baba Lorna, umesafiri kuvuka bahari ukaona jumba la mfalme, na habari unayoniletea ni kwamba ni kubwa sana? Kiwanda cha chai cha Itumbe nacho ni kikubwa sana, na nakiona bila pasipoti. Madirisha yake yakoje? Mfalme alilala wapi? Wanawake wake walipikia wapi? Mbwa wa uwanja wa ndege umemweleza vizuri kuliko jumba la mfalme.

Huku kuna maneno. Unajua tarehe nane Februari ndiyo Sabato ya kukuwekea mikono uwe mzee wa kanisa. Sasa Omwenga, karani wetu wa kanisa, ameanza kuuliza watu baada ya ibada: "Huyu Mzee Manasseh anatafuta nini kwenye nyumba za sanamu?" Anauliza kwa upole sana, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Nimemjibu kwamba uko kazini. Akaniuliza, "Si alistaafu?"

Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja tu. Usipigwe picha.

Mkeo,
Mama Lorna


Dwarka
Jumapili, 12 Januari 2025

Mpendwa Mama Lorna,

Salamu tena. Natumaini goti limepata jua. Mimi niko salama, na nimeyasikia yote uliyoniambia kuhusu mahekalu makubwa makubwa.

Jana Sabato nilimwambia Pravin kwamba leo sitembei, nitakaa chumbani na Biblia yangu. Mzee Jayanti naye akabaki, maana hana wa kumshika mkono. Alikaa kwenye kiti akanisikiliza nikisoma Zaburi nne, kisha akasema, "Manasseh, Mungu wako anapenda sana kusifiwa, kama wangu tu." Nikasoma ya tano kwa sauti zaidi.

Shida yangu kubwa ni chai. Kila tunaposimama kuna mtu wa chai. Nimekataa mara kumi na moja. Wananiuliza kwa nini, nasema ni dini yangu, sisi hatunywi. Wanasema vizuri sana, na huko kwenu unalima nini? Nasema majani chai. Basi lote linacheka, na kuna mama mmoja wa kutoka Nakuru anayenitaka nirudie kila asubuhi.

Sasa nikueleze hekalu la hapa, unisahihishe. Liko juu ya ngazi zinazotoka mtoni, karibu na bahari. Limejengwa ghorofa juu ya ghorofa, mawe yamechongwa hadi hakuna pa kuweka kidole. Juu kabisa kuna bendera ya kitambaa kirefu kama cha kutandika kutoka kwetu hadi kisimani, na inabadilishwa mara kadhaa kila siku. Mtu hupanda huko juu kwa mikono na miguu. Watu wote wanainua macho kumwangalia, na wakati huo hakuna anayesema neno.

Mimi siingii ndani. Nimempa Pravin msimamo wangu. Lakini kwa kuwa wote huvua viatu, nami niko nje, nikaombwa nivichunge. Vilikuwa vimerundikwa ovyo. Nikavipanga kwa ukubwa, vya wanaume upande, vya wanawake upande, visigino ukutani. Walipotoka kila mmoja alipata vyake bila kuinama mara mbili. Pravin alisema kwa miaka yote ya kazi yake hajaona jambo hilo.

Kwenye basi nimekaa dirishani. Kiti cha kando yangu kiko wazi, nimeweka mkoba wa dawa za Mzee.

Kitu kidogo kilitokea kwenye paji la uso wangu lakini nimeosha.

Mumeo,
Baba Lorna


Birongo
Jumatano, 15 Januari 2025

Kwa Baba Lorna,

Salamu. Sisi hapa ni wazima, ingawa si kwa sababu yako.

Hicho kitu kidogo cha kwenye paji la uso kimefika Birongo kabla yako. Mzee Jayanti alituma picha yako kwenye kundi la Wasapu la dukani, na kutoka huko sijui imepitia simu ngapi, lakini imemfikia Omwenga. Omwenga amekwenda Keroka akaitoa kwenye karatasi, kwa rangi. Ukubwa wa kalenda. Uko hapo umevaa shada la maua ya manjano shingoni, una alama nyekundu kutoka kwenye nyusi hadi kwenye nywele, na umefumba macho. Kwa nini ulifumba macho, Baba Lorna? Ungeyafungua ningekuwa na la kusema.

Baraza la kanisa limeitwa Jumapili. Nimeambiwa mke anaweza kuja "kutoa maelezo." Jemimah, shemasi mwenzangu, analia tangu jana, anasema umepotea. Nimemwambia aliyepotea haandiki barua kuhusu chai.

Lakini siwezi kwenda mbele ya watu kueleza kitu nisichokijua. Ninapita nje ya hekalu la Wahindi la Kisii mjini tangu nilipokuwa msichana wa chuo cha ualimu na sijawahi kutazama ndani ya lango. Kesho kutwa nitaenda na Jemimah. Tutauliza hiyo alama ni nini na inawekwaje. Nimeambiwa Mama Hansa, mke wa mdogo wake Mzee Jayanti, huwa hapo siku za Ijumaa.

Eleza upande wako haraka. Na uandike ukweli wote.

Mkeo,
Mama Lorna


Somnath
Ijumaa, 17 Januari 2025

Mpendwa Mama Lorna,

Nakusalimu kwa unyenyekevu. Pole kwa hayo yote.

Ukweli wote ni huu. Mkono wa kushoto ulikuwa umemshika Mzee Jayanti asianguke kwenye ngazi. Mkono wa kulia ulikuwa na jozi nne za viatu, kwa maana wale wa mwisho walikuwa bado hawajavaa. Akapita kuhani mmoja mwenye haraka, ana sahani, anaweka kila mtu alama kwa kidole gumba. Nikasema, "Hapana, asante." Sijui kwao maneno hayo yana maana gani. Akaniweka. Yule mama wa Nakuru akanivisha maua. Nilifumba macho kwa sababu ile rangi ilikuwa unga na unga ukaniingia jichoni. Hiyo ndiyo habari yote. Kama Omwenga anataka kuniona nikisali, aje anione nikikataa chai.

Hapa tulipo ni ufukweni kabisa. Hekalu hili lilibomolewa na kujengwa tena mara nyingi, hata Pravin husimama anapohesabu na kuanza upya. Nje, karibu na bahari, kuna nguzo yenye mshale unaoelekeza majini. Pravin anasema ukifuata mshale huo moja kwa moja hutakuta nchi kavu hadi kwenye barafu ya mwisho wa dunia. Nilisimama hapo nikaangalia. Maji yalikuwa ya kijivu, na mbele hakukuwa na kitu chochote cha kushika macho. Nikafikiri, wewe Persis ungekuwa hapa ungeniuliza wamejuaje. Nami ningesema sijui, na wewe ungeenda kumuuliza Pravin hadi akimbie na mwavuli wake.

Uniambie Mama Hansa amesema nini.

Mumeo,
Baba Lorna


Rajkot
Jumanne, 21 Januari 2025

Mama Lorna,

Salamu. Mbona kimya? Ni siku nne. Naona alama kwenye simu kwamba barua yangu umeisoma. Baraza lilikuwa Jumapili. Kama wameniondoa, niambie tu, nitakubali. Nimejaribu kupiga simu mara tatu. Ilipokelewa mara moja, nikasikia kuku, ikakatwa.

Mumeo


Rajkot
Ijumaa, 24 Januari 2025

Mpendwa Mama Lorna,

Nakusalimu, na sijui kama u mzima, maana huniambii. Siku ya saba sasa. Machogu, mdogo wangu, amenitumia ujumbe kwamba Jumatano alikuona Kisii mjini umevaa ile suti ya harusi ya Lorna, umebeba bahasha ya kaki, unaingia kwenye ofisi moja. Hakuona ni ofisi gani. Anauliza kama tuna kesi. Persis, tuna kesi? Unakwenda kwa wakili? Kwa ajili ya alama ya kwenye paji la uso?

Sina mwingine wa kumwambia yaliyotokea huku, kwa hivyo nitakuandikia, usome au usisome.

Unakumbuka Mzee Jayanti amewaambia watu wa Kisii miaka yote kwamba babu yake alikuwa mtunza hazina wa mfalme. Jana tulifika kwenye jumba lenyewe, mji mdogo tu, si mbali na hapa. Nitakueleza. Lango lina mbao zenye misumari mirefu ya shaba, ili tembo wa maadui wasilisukume kwa kichwa. Ndani kuna ua, na kuta zimezungushwa vibaraza vya mbao vilivyotobolewa matundu madogo madogo; wanawake wa mfalme waliketi nyuma yake wakaona kila kitu bila kuonekana. Jiko liko nyuma, lina meko kumi na mawili, na dari bado ni nyeusi. Mfalme alilala kwenye kitanda kinachoning'inia kwa minyororo kama bembea. Kuna mizani kubwa ambayo aliketi upande mmoja wakamjazia vitu upande wa pili siku ya kuzaliwa kwake. Niliiangalia sana mizani hiyo. Imeinama upande mmoja.

Mzee alikuwa amevaa koti lake jeusi. Alimwambia Pravin mbele ya wote, "Leo nitawaonyesha jina la babu yangu." Ukutani kuna picha ya zamani ya watumishi wote wa jumba, na chini yake majina na kazi zao. Pravin akaanza kusoma. Mtunza hazina, mtu mwingine. Karani wa hazina, mtu mwingine. Akasoma hadi mstari wa nyuma kabisa, na hapo ndipo lilipokuwa jina la babu yake Mzee, chini ya kijana mwembamba aliyeshika kitu kifuani. Kazi: mtunza viatu vya mfalme.

Hakuna aliyecheka, hata mama wa Nakuru. Mzee aliomba kiti. Hakula mchana. Kwenye basi akaja kukaa kwenye kile kiti cha kando yangu, akaweka mkoba wa dawa magotini, akasema, "Manasseh, utawaambia watu wa Kisii?"

Nikamwambia, "Mzee, hao waangalizi wa jumba wanasema mfalme alikuwa na jozi mia tatu. Za vita, za harusi, za mvua, za kupokea wageni. Mtu anaomba ile ya kijani na wewe unaileta kabla hajamaliza kusema, na hujapoteza hata moja. Hiyo ni stoo. Babu yako alikuwa mtunza stoo."

Akaniambia, "Kwa nini wewe husema ulikuwa meneja?"

Nikachukua ule mkoba wa dawa nikamtafutia vidonge vyake.

Niandikie, hata kama ni neno moja.

Mumeo,
Baba Lorna


Birongo
Jumapili, 26 Januari 2025

Kwa Baba Lorna,

Salamu. Mimi ni mzima. Goti ni zima. Ng'ombe ni wazima.

Nianze na baraza, kwa kuwa hilo ndilo dogo. Omwenga aliweka picha yako mezani. Nikasimama nikasema: "Wazee, huyu ana mikono miwili kama nyinyi. Mmoja umemshika mzee wa miaka themanini na moja, mwingine umeshika viatu vya watu. Niambieni angemzuia kuhani kwa kipi." Mchungaji akainama kuangalia picha. Akahesabu viatu. Akaanza kutikisika mabega, na baada yake wote, hata Omwenga alijifanya anakohoa. Tarehe nane iko pale pale. Kanisa limekusamehe.

Mimi bado.

Tulikwenda hekaluni ile Ijumaa, Jemimah na mimi. Jemimah alikuwa amejiandaa kukemea. Tukavua viatu, soksi yake ikawa na tundu, akaacha kukemea akawa anaficha kidole. Mama Hansa alitoka akatusalimu, "Bwakire mono," na akaendelea na Ekegusii safi kuliko cha wajukuu wetu, akatuuliza mvua ya Birongo na bei ya ndizi. Kumbe alizaliwa Kisii. Ndani ni safi, pana harufu ya maua na maziwa. Alitueleza alama ile ni baraka tu, kama mtu kukuwekea mkono begani. Alitupa maji na ndizi tukakaa kwenye baraza.

Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, "Mwalimu, tulisikitika kwamba hupendi kusafiri. Mzee alitaka mje wawili. Mimi mwenyewe ndiye niliyepanga ile ziara, na kiti chako niliacha kwenye orodha hadi wiki ya mwisho. Mume wako alisema wewe hupandi hata gari la Nakuru, unatapika."

Jemimah aliacha kuficha kidole akaniangalia.

Baba Lorna. Mimi hutapika?

Miaka yote hiyo uko mjini, unakuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, mimi nimebaki na watoto, na majani, na mama yako hadi alipofariki. Ulisema ukistaafu tutatembea. Sikutaja, nikangoja. Kisha ukaja na habari kwamba Mzee anakuhitaji wewe peke yako, nami nikakupangia nguo. Nikakufungia wimbi! Na kiti kilikuwepo. Umekiwekea mkoba wa dawa.

Ndiyo sababu nimenyamaza. Nilikuwa nikiandika barua hii kila asubuhi na kuifuta, kwa kuwa kila mara ilikuwa na maneno ambayo shemasi haandiki.

Na kuhusu bahasha: mwambie Machogu atafute kazi. Nilikuwa ofisi ya uhamiaji, naomba pasipoti. Wamechukua alama za vidole vyangu vyote kumi, na kijana wa picha akaniambia nisitabasamu. Nikamwambia asijali. Afisa akaniuliza, "Mama, unasafiri kwenda wapi?" Nikasema, "Bado sijaamua, lakini naenda."

Mwalimu Persis


Ahmedabad
Jumatatu, 27 Januari 2025

Mpendwa Persis,

Sijui nikusalimuje. Nakusalimu tu.

Hutapiki. Nilisema uongo. Mzee aliponiambia, "Njoo na mke wako," nilijibu kabla hajamaliza. Sikukuuliza kwa kuwa nilijua ungekubali.

Nitakueleza sababu, na ukitaka umsomee Omwenga. Huku mimi ndiye ninayebeba sanduku la Mzee. Ninamfunga kamba za viatu. Akitaka maji anasema, "Weh, Manasseh," na mimi nainuka, nikiwa katikati ya chakula. Simlaumu, tumezoeana hivyo, na huku amenishika mkono mbele ya watu wake kama ndugu. Lakini wewe hujawahi kuniona nikiitwa hivyo. Nyumbani mimi ni Baba Lorna, ninakaa kiti cha kwanza. Nilikuambia wewe na baba yako, siku ile nilipoajiriwa, kwamba nimepata kazi ya umeneja. Sikuwahi kuwa meneja. Nilikuwa mpakiaji kwa miaka tisa, kisha nikapewa funguo za stoo. Niliogopa ukae kando yangu siku ishirini unione.

Sasa nimesema. Nimeona vitu vya ajabu huku, Persis, na kila kimoja nimekiona nusu.

Nimekukosea sana.

Manasseh


Birongo
Jumanne, 28 Januari 2025

Mpendwa Baba Lorna,

Salamu. Leo jua limetoka mapema, nimekaa nje kuandika.

Mwaka wa tisini na tisa, Lorna alipokuwa anaingia kidato cha kwanza, nilikuja Kisii kumnunulia sanduku la bati. Sikukuambia, nilitaka nikushtukize dukani tule pamoja mchana. Nilipofika kwenye kona nikakuona. Ulikuwa umejifunga gunia kichwani, umebeba mfuko wa simiti mgongoni, unaupandisha kwenye lori, na nyusi zako zilikuwa nyeupe kama za mzee. Mtu akakuita, "Weh, Manasseh, haraka!" Ukasema, "Naja, bosi," ukaenda kuchukua mwingine.

Nilisimama nyuma ya kibanda cha viazi nikakuangalia ukibeba mifuko saba. Kisha nikarudi nyumbani, nikamwambia mama yako kwamba sikukukuta. Ijumaa ulipokuja nilikuwekea maji ya moto mengi, nikasema ni kwa ajili ya baridi.

Kwa hivyo nimekuona. Miaka ishirini na sita nimekuona, na kiti cha kwanza ni changu kukupa. Nilidhani wajibu wangu ni kunyamaza ili usione haya. Kumbe tulikuwa tukifichana kitu kimoja, kila mtu upande wake wa mlango.

Bado nimekasirika. Hasira hiyo ni ya kiti, si ya simiti.

Sasa sikiliza mipango. Agosti Mama Hansa anapeleka kikundi kingine, mahekalu ya kusini, Madurai na kule, na jumba la mfalme wa Mysore ambalo anasema huwashwa taa nyingi hata mtu anasahau jina lake. Nimejiandikisha kwa bonasi yangu ya majani chai, na Jemimah amejiandikisha pia, akisema anakuja kunilindia imani. Ameshanunua soksi mpya. Kiti cha tatu Mama Hansa amekiacha. Hajaandika jina, nami sijamwambia.

Safiri salama. Msalimie Mzee Jayanti, mwambie kazi ya viatu ni kazi.

Mkeo,
Mama Lorna


Nairobi
Alhamisi, 30 Januari 2025

Mpendwa Persis,

Salamu kutoka nchini. Tumetua asubuhi hii, Mzee Jayanti yuko salama, na mpwa wake wa hapa amekuja kumchukua apumzike siku mbili. Tulipoagana alitaka kuchukua sanduku lake mwenyewe. Tulivutana kidogo mbele ya watu. Mwishowe tukalishika wote wawili, kila mmoja mkono mmoja, hadi kwenye gari.

Barua yako ya Jumanne niliisoma uwanja wa ndege wa Mumbai. Yule mama wa Nakuru aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimeonekana.

Nimeshampigia mchungaji. Nimemwomba tarehe nane, kabla ya kuwekewa mikono, anipe dakika mbili niwaambie watu kazi niliyofanya Kisii mjini kwa miaka thelathini na nne, na jina lake halisi. Akasema, "Mzee, dakika mbili zitatosha?" Nikasema zitatosha, si kazi yenye maneno mengi.

Basi langu linaondoka saa nne. Nitakuwa Keroka alasiri.

Kuna swali ambalo nilipaswa kukuuliza mwezi wa kumi na mbili. Linahusu kile kiti cha tatu cha Agosti. Ungependa nikae mimi? Ukisema hapana, nitabaki na ng'ombe na nitakufungia wimbi. Ukisema ndiyo, nitakuja.

Safari hii sijibu mimi. Niko hapa kituoni, simu iko mkononi, nangoja.

Mumeo,
Manasseh